Kabla ya maua, ondoa haya mbele ya nyumba yako mpya

Familia nyingi za Dar es Salaam huhamia nyumba yao ya kwanza ikiwa haijakamilika. Vyumba viwili vikishapata milango na madirisha, vyombo vinapakiwa kwenye kirikuu, na kuanzia hapo hakuna tena kodi ya miezi sita. Ndani mambo husogea kidogo kidogo: sakafu, rangi, mapazia. Mbele ya nyumba panabaki kama fundi alivyopaacha, yaani rundo la kokoto, tofali zilizozidi, mbao zenye misumari, ndoo za rangi na pipa la maji ya kumwagilia zege.

Mgeni akifika anaona pabaya. Mtoto wa miaka mitatu anaona pa kuchezea.

Fedha ikipatikana, wazazi huwaza maua na pevingi. Hakuna ubaya, ila kazi ya kwanza ni kuondoa, na haihitaji fedha nyingi. Mbao zing'olewe misumari, kwa kuwa jeraha la msumari mchafu linaweza kuleta pepopunda. Tofali na kokoto zisikae rundo miezi na miezi. Nyoka na nge hupenda kujificha humo. Pipa lenye maji, hata yasiyofika nusu, linaweza kumzamisha mtoto aliyeinama kuchungulia. Kisima cha kuhifadhia maji kiwe na mfuniko wa kufungwa kwa kufuli. Bati lililoegeshwa juu si mfuniko.

Kisha kuna mbu. Yule anayeeneza dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda kutaga kwenye vyombo vyenye maji yaliyotuama: ndoo, kopo, kifuu cha nazi, kisahani cha chini ya chungu cha maua. Huuma zaidi mchana, hivyo chandarua cha usiku hakimsaidii mtoto anayecheza nje. Kwa joto la pwani, yai huweza kuwa mbu kamili ndani ya siku saba hadi kumi. Kwa hiyo mwaga maji hayo kila wiki, na usugue chombo chenyewe, maana mayai hung'ang'ania kwenye kuta zake na hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa.

Hapa niseme wazi kwamba matairi yaliyopakwa rangi na kugeuzwa vyungu vya maua hayanivutii. Yanapendeza kwenye picha, lakini mkunjo wa ndani ya tairi hushika maji usiyoyaona kutoka kibarazani. Kama umeshayapanga, toboa matundu chini na ujaze udongo mpaka ndani ya mkunjo wote.

Kwenye maua nako kuna la kuuliza. Muuza miche wa kando ya barabara atakueleza mmea unataka maji kiasi gani. Kama una sumu, usisubiri akuambie. Oleanda, ule wa majani membamba marefu na maua ya waridi au meupe, una sumu kuanzia jani hadi mzizi, na sumu hiyo hugusa moyo. Daifenbakia, wenye majani mapana yenye madoa meupe, ukitafunwa huwasha na kuvimbisha mdomo na ulimi. Minyaa ya uzio ina utomvu mweupe ambao ukiingia jichoni huunguza na unaweza kumfanya mtu asione kwa muda. Likitokea hilo, osha jicho kwa maji mengi safi yanayotiririka na uwahi hospitali. Usijaribu dawa ya jirani.

Pevingi zinapunguza matope wakati wa masika, sikatai. Lakini ukifunika uwanja wote, saa nane mchana zinawaka, na maji ya mvua yanakosa pa kuzama, yanaishia mlangoni kwako au kwa jirani. Weka kwenye njia ya gari na ya miguu. Kwingine panda ukoka mvua zinapoanza, pamoja na mti mmoja wa kivuli kama mwarobaini au mkungu, mbali na karo na mabomba kwa sababu mizizi hufuata maji.

Panapobaki nafasi ya watoto, patenganishwe na njia ya gari. Dereva anayerudi nyuma hamuoni kwa urahisi mtoto wa miaka miwili aliyesimama nyuma ya gari, hata kama dereva huyo ni baba yake. Zile tofali zilizozidi zinaweza kujenga kizuizi kifupi cha kozi tatu. Zijengwe kwa saruji, zisipangwe tu, maana tofali la nchi sita likimwangukia mtoto mguuni ni safari nyingine ya hospitali.