Mvua Rongai, Jua Kasarani: Kwa Nini Watabiri wa Hali ya Hewa Wanafaa Kubonga na Mbogi ya Mtandaoni

Hii stori unaijua. Uko Rongai, mvua inapiga mabati hadi hamsikizani kwa nyumba. Unapigia beshte yako Kasarani, anakushow huko ni jua kali, ameanika nguo. Jioni mtandaoni ni matusi tu: eti Idara ya Hali ya Hewa imekosea tena.

Lakini cheki ule utabiri vizuri. Ulisema mvua itanyesha "sehemu chache". Kwa lugha ya watabiri, hiyo ni chini ya theluthi moja ya eneo lote. Kwa hivyo wewe uliyelowa na beshte aliyeanika nguo, nyote mlitabiriwa sawa. Shida ni kwamba hakuna mtu aliwaambia.

Hapo ndipo mtaalamu anayekubali kuingia mtandaoni na kujibu maswali ya wapenzi wa hali ya hewa anakuwa wa maana. Siku hizi wako wengi, wasee wanaofuatilia picha za setilaiti na kuposti mawingu kabla hata ya mvua kuanza. Wengine wako fiti. Wengine wanachukua video ya mafuriko ya miaka iliyopita na kusema ni ya leo.

Na hii si mchezo. 2023, watabiri walisema mvua ya Oktoba hadi Disemba itazidi kawaida kwa sababu ya El Niño. Mwezi wa Oktoba, Rais William Ruto akasema El Niño haiko tena, ni mvua nyingi tu. Mwananchi akabaki amechanganyikiwa. Kufika mwisho wa mwaka, mafuriko yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Halafu 2024 ikaja mvua ya Machi hadi Mei: Mathare ikafurika, Mai Mahiu maji yakabeba manyumba usiku watu wakiwa wamelala.

Sasa, usidhani ni mtaalamu tu anayesaidia. Yeye pia anakuhitaji. Setilaiti inaona wingu kutoka juu, lakini haijui maji yamefika wapi kwa mtaa wako. Vipimo rasmi navyo ni vichache, na mvua ya hapa inaweza kupiga mtaa mmoja ikaruka wa pili.

Wamarekani walijifunza hivyo kwa uchungu. Julai 1997, mji wa Fort Collins, Colorado, ulipata mvua ya ajabu. Upande mmoja ulipigwa na zaidi ya milimita 250, upande mwingine ukapata kidogo tu. Watu 5 walikufa. Mwaka uliofuata, mtaalamu wa hali ya hewa Nolan Doesken na wenzake wakaanzisha CoCoRaHS: raia wa kawaida wanaweka kipimo cha mvua nyumbani, kila asubuhi wanatuma namba mtandaoni. Leo ni maelfu ya watu, na watabiri wa serikali wanazitumia hizo namba.

Mbona basi wataalamu wengine wanaogopa kubonga? Kwa sababu tahadhari rasmi inafaa kutoka kwa sauti moja, ile ya idara ya taifa. Mtabiri akiandika jambo kwa haraka, kesho linasambazwa kama onyo la serikali. Uoga huo una msingi. Lakini akinyamaza, ile nafasi inachukuliwa na mwenye video ya zamani. Kueleza "sehemu chache" ni nini si kutoa onyo jipya.

Na wewe, unataka kuwa wa maana? Kata chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, geuza sehemu ya juu iwe kama faneli, weka rula kando. Kama chini si bapa, jaza maji kidogo hadi pale rula inaanzia. Iweke mahali wazi, mbali na paa. Soma kila siku saa tatu asubuhi, wakati uleule vituo rasmi vinasoma. Milimita 1 ni lita 1 ya maji kwa kila mita mraba.

Ukiposti, andika mtaa, saa na kipimo. Video bila tarehe, wacha kusambaza. Na onyo rasmi likitoka na uko karibu na mto, hama kwanza, mabishano baadaye. Kaa rada.