Gari limezima kwenye jam? Usikimbilie kukata waya

Tuseme umekodi kigari cha Kijapani ufanye teksi ya app. Saa moja asubuhi umebeba abiria Kawangware 46, anaenda mjini, na Naivasha Road imeshikana. Unakanyaga breki na gari linanyamaza ghafla. Abiria anainua macho kutoka kwa simu: "Bro, imezima?" Unaachilia breki, injini inaamka, safari inaendelea.

Tulia, gari halijaharibika. Huo ni mfumo wa kuzima na kuwasha injini wenyewe. Toyota iliujaribu kwenye Crown tangu 1974, na leo utaupata kwenye magari mengi madogo yanayoletwa kutoka Japan, kama Mazda Demio na Nissan Note. Mazda huuita i-stop.

Kazi yake ni kuokoa mafuta. Injini ndogo ikinguruma tu bila kutembea hunywa karibu nusu lita kwa saa. Sasa piga hesabu. Septemba 2023, petroli ilifika Sh211.64 kwa lita hapa Nairobi. Kama jam inakusimamisha jumla ya saa moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya Sh100 zilizotoka moshi bure. Kwa siku 26 za kazi, ni karibu Sh2,750. Hata ukiokoa nusu yake, umelipia chakula cha siku kadhaa. Na pale Kibera Drive, mama wa chapati na watoto wa shule wanapunguziwa moshi wako.

Lakini kuna mtego, nao ni betri. Kuwasha injini mara nyingi kwa siku kunahitaji betri maalum, mara nyingi yenye maandishi EFB au AGM. Ni ghali kuliko ile ya kawaida. Ukiweka ya bei rahisi gari litawaka vizuri tu, halafu betri ichoke mapema, na siku moja ukwame na abiria ndani. Ukiona mfumo umeacha kuzima injini, kabla ya kushangilia, pima betri. Gari likihisi betri imechoka, huacha kuzima injini kwa makusudi. Vilevile halizimi injini ikiwa bado baridi, au AC ikifanya kazi nzito.

Na kama unataka kuutoa? Tafuta kitufe karibu na usukani chenye herufi A iliyozungukwa na mshale, au neno OFF. Kibonyeze, taa iwake kwenye dashibodi, basi. Kwa magari mengi utabonyeza tena kila ukiwasha gari upya, kwa hivyo fanya iwe mazoea kama kufunga mkanda.

Kuna wakati wa kukibonyeza bila kufikiria mara mbili. Mvua ikinyesha na barabara ikageuka mto, hutaki injini izime huku maji yamefika bomba la moshi. Jam ya kusogea hatua mbili na kusimama pia, kwa sababu injini inazima na kuwaka bila kuokoa chochote cha maana.

Kuna mafundi watakaokwambia wanaweza kuutoa kabisa, kwa mfano kwa kuchomoa waya wa swichi ya boneti. Gari linadhani boneti iko wazi, kwa hivyo halizimi. Ni rahisi, lakini kengele ya wizi inaweza kuvurugika, na taa ya onyo ikakaa hapo kila siku. Kama gari si lako, muulize mwenyewe kwanza. Ukikubali akate waya leo, kesho utalipa wewe.

La mwisho ndilo zito zaidi. Injini ikinyamaza kwa mfumo huu, gari bado liko hai. Usishuke kununua maji, wala usifungue boneti, ukidhani limezima. Weka P, vuta breki ya mkono, kisha zima kwa ufunguo au kitufe chenyewe. Injini inaweza kuamka mkono wako ukiwa karibu na feni, au gari likasogea kuelekea mtu anayevuka.

Kwa hivyo leo ukiingia garini, kabla ya kuwasha app, kitafute hicho kitufe. Ukishajua kilipo, wewe ndiye utaamua gari linyamaze lini.