Jiwe Alilolikataa Mtoto

Wengi wape, walinena wahenga. Je, wengi hao wakidai uhai wa mtu, tuwape pia?

Tuseme ni jioni mtaani Laini Saba, Kibera. Ukemi wa "mwizi!" unasikika kando ya reli, na punde si punde kijana mmoja amezingirwa. Miongoni mwa wanaokimbilia hapo wamo watoto waliovalia sare za shule. Mmoja wao, mtoto mpole, anatiwa jiwe mkononi na wenzake. Analiacha lianguke. Tangu siku hiyo anaitwa fala, na darasani hakuna atakaye kuketi naye.

Sisi walimu humwonaje mtoto huyo? Aghalabu humhesabu kuwa mnyonge, tukamwambia ajikaze kiume. Hilo ni kosa kubwa. Aliyerusha jiwe hakuhitaji ushujaa wowote, kwani umati ulikuwa nyuma yake. Aliyekataa alisimama peke yake.

Sheria nayo iko upande wake. Kifungu cha 21 cha Sheria ya Adhabu ya Kenya huwatia hatiani wote walioshirikiana katika kusudi haramu lililozaa kosa. Kusema "langu lilikuwa jiwe dogo" si utetezi.

Wala tusidhani kwamba umati huishia mitaani. Usiku wa Julai 13, 1991, katika Shule ya Upili ya St. Kizito, Meru, wavulana waliwavamia wasichana waliokuwa wamekataa kujiunga na mgomo. Wasichana 19 walifariki na 71 wakanajisiwa. Je, ni wavulana wangapi waliofuata wenzao kwa kuogopa kuitwa waoga? Hofu hiyo haiwaondolei lawama, lakini yatuonya sisi tunaolea.

Tufanye nini basi? Mwalimu, usimsifu mtoto huyo mbele ya gwaride, usije ukamzidishia maadui. Mketishe na mwenzake mmoja mwenye moyo kama wake, kwani kukataa mkiwa wawili si kama kukataa peke yako. Nawe mwanafunzi, huenda wewe ndiwe mwenzake huyo wa pili anayesubiriwa.

Hatimaye, walimu wenzangu, tujichunguze. Yupo mtoto tunayemkejeli darasani ili wengine wacheke? Kama yupo, basi jiwe la kwanza tumelirusha sisi, na darasa zima limetuona.