Bahasha Zilizofungwa

Kila mmoja wenu anyooshe kidole gumba, kisha aubonyeze ukucha wake kwa kidole cha mkono wa pili. Bonyezeni mpaka nyama iliyo chini ya ukucha igeuke nyeupe. Haya, achieni. Wekundu umerudi hata kabla hamjamaliza kutamka "moja". Hiyo ni damu inarudi mahali pake, kwa sababu moyo unaisukuma vizuri na mishipa imefunguka.

Kwa mtoto aliyezidiwa si hivyo. Unabonyeza, unaachia, unahesabu moja, mbili, tatu, na ukucha bado mweupe. Miguu ni ya baridi ingawa kifua kinachoma kwa homa. Mapigo kwenye kifundo cha mkono ni hafifu, unayatafuta kwa shida. Nesi akiyaona hayo haketi tena. Madaktari huiita hali hii mshtuko, lakini si ule mshtuko wa kusikia habari mbaya. Maana yake ni kwamba damu imeshindwa kufika inakotakiwa, na mwili unaanza kufa njaa ya hewa.

Hadithi yangu ya leo inaanzia kwenye ukucha huo, na ni ya kweli.

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Segera unapita Muheza, mji wa machungwa. Pale ipo Hospitali Teule. Neno "teule" limetokana na kuteuliwa: ni hospitali ya kanisa ambayo serikali iliiteua iwahudumie watu wa wilaya nzima. Sasa vukeni mpaka kuingia Kenya, mfuate pwani kupita Mombasa, mtaikuta Hospitali ya Kilifi, ambako watafiti wamekuwa wakifanya kazi bega kwa bega na wauguzi tangu mwaka 1989. Halafu pandeni bara hadi Uganda. Mbale iko chini ya Mlima Elgon, Soroti iko mbele yake, Lacor ni hospitali ya misheni iliyoko Gulu, na Mulago iko Kampala. Mulago ni hospitali kubwa ya taifa. Nyingine ni zile hospitali ambako mama anafika akiwa amempakata mtoto kwenye bodaboda, na wodini watoto wawili wanaweza kulala kitanda kimoja.

Hospitali hizo sita zilikuwa na swali moja.

Huko Ulaya na Marekani, mtoto mwenye mshtuko alikuwa akitundikiwa dripu na kumiminiwa maji mengi kwa haraka. Kwa mtoto wa kilo kumi ni kama chupa ya soda nzima kuingia kwenye mshipa ndani ya saa moja. Mantiki yake ilikuwa rahisi kuielewa. Kama damu haizunguki vizuri, ongeza maji, mishipa ijae, moyo upate cha kusukuma. Vitabu vilifundisha hivyo, na madaktari waliamini hivyo. Lakini kwenye hospitali nyingi za Afrika watoto hawakupewa maji kwa kasi hiyo, maana hakukuwa na wodi ya wagonjwa mahututi wala mashine za kupumulia za kumwokoa mtoto kama maji yangemzidi. Basi wengine wakasema watoto wetu wananyimwa tiba. Wengine wakasema tiba hiyo haijawahi kupimwa kwa watoto wenye malaria kali na upungufu wa damu kama wa kwetu. Kila upande ulikuwa na watu wenye akili na nia njema.

Mngefanya nini ninyi? Mngemfuata mwenye sauti kubwa?

Daktari wa watoto aitwaye Kathryn Maitland, aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pamoja na Sarah Kiguli wa Chuo Kikuu cha Makerere na wenzao wa hospitali zile sita, waliamua kupima. Utafiti wao uliitwa FEAST. Ulianza kupokea watoto Januari 2009, watoto wa kuanzia siku 60 hadi miaka 12, wenye homa kali na dalili kwamba damu haizunguki vizuri. Wengi walikuwa na miaka miwili hivi, na zaidi ya nusu walikuwa na malaria.

Hapa kuna jambo ambalo hata watu wazima huwa hawalielewi, kwa hiyo nitalieleza polepole.

Mnapocheza chandimu, mkimwacha nahodha mmoja achague wachezaji wote anaowataka, timu yake itashinda, halafu atajisifu kwamba ni kwa sababu walivaa jezi nyekundu. Hamtajua kama ni jezi au ni wachezaji. Hospitalini ni vivyo hivyo. Nesi akiachiwa achague nani apewe maji ya haraka, atamchagua mtoto aliyezidiwa kuliko wote, kwa huruma tu. Mwisho wa mwaka utahesabu vifo, utaona waliopewa maji walikufa wengi, na hutajua kama waliuawa na maji au walikuwa wagonjwa zaidi tangu mwanzo. Huruma yake, ambayo ni nzuri, itakuwa imeficha ukweli.

Kwa hiyo wakatumia kura. Wodini ziliwekwa bahasha nzito zisizopenyeza mwanga, zimefungwa na kuandikwa namba kwa mpangilio. Mtoto akifika na dalili zile, mhudumu alichukua bahasha iliyofuata, si nyingine, akaifungua. Ndani kulikuwa na moja kati ya njia tatu. Ya kwanza ni kumpa maji ya chumvi kwa haraka. Ya pili ni kumpa kwa haraka maji yenye albumini, ambayo ni protini itokayo kwenye damu ya binadamu. Ya tatu ni kutompa maji ya haraka kabisa, bali dripu ya polepole ya kawaida. Mengine yote yalikuwa sawa kwa watoto wote: dawa ya malaria, dawa za kuua bakteria, sukari kwa aliyeshukiwa nayo, oksijeni, na damu kwa aliyehitaji kuongezwa.

Mwaweza kuuliza, je, si ukatili kumpigia kura mtoto wa mtu? Swali hilo ni zuri, na watafiti hawakuruhusiwa kulikwepa. Kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa, kamati za maadili ziliusoma mpango wote na kuuhoji. Jibu langu ni hili: pale ambapo hakuna mtu anayejua ipi ni bora, kura haimnyimi mtoto kitu kinachojulikana kuwa kizuri. Ukatili ungekuwa kuendelea kubahatisha miaka na miaka, bila kuhesabu.

Na ridhaa je? Fikirieni mama amefika saa nane za usiku, mtoto hajitambui. Utampa karatasi kadhaa azisome, azielewe, atie sahihi, wakati kila dakika ina thamani? Kamati zilikubali kwamba pale ambapo hali haikuruhusu, mzazi aelezwe kwa ufupi kwa mdomo na akubali kwa mdomo, kisha mambo yakitulia aketishwe, aelezwe yote, na hapo ndipo aombwe sahihi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Wazazi wale walikubali katika saa ngumu kuliko zote maishani mwao, na kila tunachokijua leo kimejengwa juu ya neno lao.

Wahudumu nao hawakuachiwa bahasha tu. Kabla ya kuanza walipewa mafunzo ya kuokoa mtoto aliyezidiwa: nani aonwe kwanza, umtazame nini, umpime vipi. Hospitali zikapata vifaa vya kupima shinikizo la damu na oksijeni. Baada ya mtoto kuingizwa kwenye utafiti alikuwa akirudiwa na kupimwa tena na tena kwa saa 48. Kazi ya utafiti, wanangu, sehemu yake kubwa ni hiyo: mtu aliyesimama kando ya kitanda usiku akiwa na kalamu, akiandika alichokiona na si alichotamani kukiona.

Tena kumbukeni kwamba mtu mmoja au kumi hawatoshi kukupa jibu. Rusha sarafu mara kumi, unaweza kupata kichwa mara saba. Irushe mara elfu, haitakudanganya kiasi hicho. Utafiti mdogo uliowahi kufanyika Kilifi ulikuwa umeonyesha kana kwamba albumini inaokoa zaidi ya maji ya chumvi. Palihitajika watoto wengi zaidi ili kujua. Mpango ulikuwa watoto 2,880, halafu ukapandishwa hadi 3,600. Unajua kwa nini ulipandishwa? Kwa sababu vifo vilikuwa vichache kuliko walivyotarajia. Huenda kufundisha wahudumu na kumwona mgonjwa mahututi kabla ya wengine kulishaanza kusaidia, kabla hata jibu halijapatikana.

Sasa jiwekeni kwenye nafasi ya nesi wa wodi ile. Bahasha imefunguliwa, imesema maji ya haraka. Unatundika dripu, na saa moja baadaye unabonyeza ukucha. Wekundu unarudi upesi! Miguu imepata joto. Kwa kweli ndivyo ilivyokuwa: baada ya saa moja, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi kati ya waliopewa maji kuliko kati ya wasiopewa. Yeyote aliyesimama pale angeapa kwamba maji yanaponya.

Lakini kulikuwa na watu wengine, mbali na wodi, wakitazama hesabu. Ni kamati huru ambayo kazi yake ilikuwa kufungua takwimu kila baada ya muda na kuuliza kama kuna kundi linaloumia. Wahudumu hawakuwa wakiziona hesabu hizo. Januari 2011, baada ya kutazama taarifa za watoto 2,995, kamati ilisema: simamisheni.

Nitawapa hesabu yenyewe, muipime wenyewe. Hapa wamo na wale walioingizwa kabla taarifa zao hazijaifikia kamati. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,050 waliopewa albumini kwa haraka, walikufa 111. Kati ya 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, walikufa 110. Kati ya 1,044 ambao hawakupewa maji ya haraka, walikufa 76. Kwa lugha ya asilimia ni 10.6, 10.5 na 7.3. Yaani kwa kila watoto mia waliomiminiwa maji, wapatao watatu walikufa ambao wangeweza kuishi. Baada ya wiki nne pengo lilikuwa palepale. Na haikuwa hospitali moja yenye bahati mbaya. Walipopekua kituo kwa kituo, wenye malaria na wasio na malaria, wenye upungufu wa damu na wasio nao, picha ilikuwa ileile.

Hakuna aliyeyatarajia matokeo hayo. Wengi walidhani swali litakuwa maji gani ni bora. Jibu likawa kwamba dripu ya polepole, ile iliyoonekana ya kimaskini, ndiyo iliyookoa. Watafiti walidhani pia kwamba kama maji yangeleta madhara, yangejaa kwenye mapafu au kwenye ubongo. Walipochunguza vifo wakaona vingi vya ziada vilitokana na moyo na mzunguko wa damu kuanguka baadaye. Ule wekundu wa ukucha ulikuwa kweli, ila haukudumu.

Matokeo yalichapishwa Mei 2011, na mabishano yakawaka duniani. Kitu kilichofundishwa kwa miaka mingi hakiondoki kwa siku moja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo mpya kuhusu maji kwa watoto waliozidiwa, uliokuwa na tahadhari kubwa zaidi. Mwaka 2020 mwongozo wa kimataifa wa kutibu watoto wenye maambukizi makali ya damu ukaeleza kwamba mahali pasipo na huduma ya wagonjwa mahututi, mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka asimiminiwe maji ya haraka. Sentensi hiyo, inayosomwa leo na madaktari wa mabara yote, imetoka kwenye wodi za Muheza, Kilifi, Mbale, Soroti, Gulu na Kampala.

Naona fahari kuisema, na sitaificha. Tumezoea kuambiwa kwamba elimu ya tiba inatoka ng'ambo inakuja kwetu. Safari hii ilitoka kwetu, kwa mikono ya manesi na matabibu waliojua kuandika kwa uaminifu.

Kabla sijawaacha, msije mkaielewa vibaya hadithi hii. Watoto wanaoharisha hawakuwamo kwenye utafiti ule. Mtoto anayeharisha anapoteza maji na lazima arudishiwe, kwa ORS akiweza kunywa, na hospitalini akishindwa. Asije mtu akamnyima mdogo wake maji kwa sababu yangu.

Na siku moja, mkiwa mmelazwa au mkimuuguza mdogo wenu, anaweza kuja mtu mwenye fomu akawaomba mshiriki utafiti. Msimwogope, wala msimkubalie kwa sababu tu amevaa koti jeupe. Muulizeni: mnatafuta kujua nini? Mgonjwa wetu atafanyiwa nini? Ni kamati gani imewaruhusu? Na tukikataa, atatibiwa kama wengine? Kwa swali hilo la mwisho, jibu pekee linaloruhusiwa ni ndiyo.