Kermesse: jina na kelele yake vilitoka wapi?

Hapa Kasongo na Kabambare, kermesse ya parokia ama ya masomo tunaijua: karanga na mandazi, michezo ya watoto, pesa ya kununua mabati. Na bafle, inalia tangu asubuhi mpaka jenereta ikaukiwe.

Jina tulilipata kwa Kifaransa cha Wabelgiji, lakini Kifaransa nacho kililiazima kwa Waflama. Kwa lugha yao kerk ni kanisa, mis ni misa. Ilikuwa sikukuu ya kukumbuka siku kanisa la kijiji lilibarikiwa. Misa ikiisha, watu wanatoka nje kula, kunywa na kucheza.

Kule Ubelgiji na Uholanzi, mutu alisikia kermesse mbele ya kuiona. Kando ya farasi wa mbao wanaozunguka, kulisimama kinanda kikubwa, vingine vipana sawa ukuta wa nyumba, na hakuna mutu anayekipiga. Ndani kuna mivukuto, kama ile ya mufua chuma, inasukuma upepo. Juu yake inapita karatasi ngumu iliyokunjwa kama kitabu, imetobolewa matundu. Kila tundu linafungulia upepo filimbi yake, ama linagongesha ngoma. Tundu refu, sauti ndefu. Kazi ya mutu ni kuzungusha gurudumu, na kiisha mota ikamupokonya hata hiyo. Vitabu hivyo vilianzishwa na Gavioli wa Paris mwaka 1892; kule Antwerp, Mortier na ndugu wa Decap wakatengeneza vinanda vya nyumba za dansi.

Halafu zikaja sahani na bafle. Vinanda vingi vikanyamaza. Vingine leo viko Utrecht, katika nyumba ya makumbusho ya Speelklok, na vingali vinalia: ukivipa upepo na kitabu chao, wimbo unarudi kama ulivyokuwa.

Kwetu bafle haikukuta kinanda. Ilikuta ngoma. Na mupiga ngoma hana kitabu cha matundu. Mapigo yake yote iko mikononi. Kijana anayajifunza kwa kusimama karibu na kuangalia, tena kwa miaka. Siku muzee anaacha kuitwa, kijana hana pa kusimama.

Jenereta ya siku nzima inakula mafuta, kila kamati ya kermesse inalijua hilo. Saa mbili za asubuhi, mbele ya kuiwasha, zingetosha wazee wapige, na vijana wakae pale karibu, waone mikono.