Deni Linalohama na Kadi ya Gari

Miongoni mwa vitu vyote ambavyo mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Morogoro au Mbeya huweza kununua kwa akiba yake, ni vichache vinavyotamaniwa kama pikapu. Kwani gari hilo la tani moja hupita njia ambayo lori haliwezi kupita, hubeba saruji asubuhi na mboga jioni, na Jumamosi huwapeleka jamaa wa nyumbani harusini pasipo mtu kuona haya. Walakini pikapu mpya haishikiki kwa bei, na kwa hiyo walio wengi hununua iliyokwisha kutumika, na hapo ndipo hesabu zao zinapoanza kwenda kombo, maana huichukulia bei ya kununulia kuwa ndiyo gharama yote, ilhali ni malipo ya kwanza tu katika mfululizo wa malipo ambao hakuna dalali aliyewatajia.

Rai yangu ni kwamba matengenezo ya mwaka wa kwanza si msiba unaomshukia mnunuzi kwa bahati mbaya. Ni deni la mwenye gari aliyetangulia, ambaye aliahirisha kumwaga oili, akaahirisha kubadili mkanda, akaahirisha kufunga bushi mpya, na deni hilo huhamia kwa mnunuzi siku ileile ambayo kadi inabadilishwa jina, isipokuwa halikuandikwa popote. Mtu anayetaka kujua kiasi chake hana budi kuuliza kwanza gari lilitoka wapi na lilitunzwa kwa sheria gani.

Japani, ambako ndiko asili ya mitumba yetu mingi, gari jipya la abiria hufanyiwa ukaguzi wa lazima baada ya miaka 3 na kisha kila baada ya miaka 2, na magari mengi ya mizigo hukaguliwa mara nyingi zaidi, kila mwaka. Na kwa kuwa ukaguzi huo una gharama kubwa, wenyewe hupendelea kuliuza gari kabla halijachoka. Hii ndiyo sifa inayovumishwa na madalali, nayo ni ya kweli kwa magari mengi. Lakini mnunuzi wa Hilux na apime maneno: Toyota iliacha kuiuza Hilux katika soko la Japani mwaka 2004, ikairudisha mwaka 2017, kwa hiyo anayeambiwa kwamba Hilux ya mwaka 2010 ilikuwa ya mzee mmoja wa Kijapani aliyekwenda nayo sokoni tu, ana ruhusa ya kucheka kidogo kabla ya kujibu. Pikapu za miaka ile zilitengenezwa Thailand na Afrika ya Kusini kuliko kwingineko, na nyingi zimetufikia baada ya kufanya kazi nzito huko, au baada ya kupitia Uingereza, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa barafu na chuma cha chini huliwa na kutu. Afadhali ya Uingereza ni kwamba gari likipita umri wa miaka 3 hukaguliwa kila mwaka, na kilomita zilizosomwa siku ya ukaguzi huwekwa wazi kwa yeyote anayeijua namba ya usajili wa zamani, bila ya malipo. Basi mwuzaji anayeikumbuka bei ya gari vizuri lakini namba yake ya zamani ameisahau kabisa, ametoa ushahidi wa namna yake.

Pikapu za hapahapa nchini ni fungu jingine. Zipo za makampuni, zipo za miradi ya wafadhili, na zipo za Serikali zinazouzwa mnadani baada ya kuhudumiwa miaka mingi katika karakana za TEMESA, wakala wa ufundi wa Serikali. Hizi zimepigwa na njia za vijijini, jambo lisilofichika, lakini aghalabu zina majalada yenye tarehe za huduma, na jalada lina thamani kuliko rangi. Taksiri yake ni kwamba baadhi yake zimekaa miezi mingi chini ya mwembe zikingoja kibali cha kuuzwa, mipira ya injini ikakauka, maji yakajikusanya katika tangi la dizeli, na betri ikafa kifo cha kawaida. Nchini Kenya, ambako Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi na gari la mtumba lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingia, pikapu zilizoachwa na makampuni ni sehemu kubwa ya soko, na mnunuzi wa huko ana nafasi zaidi ya kumfikia fundi aliyelihudumia gari.

Ugumu wa biashara hii ulikwisha kuelezwa na mtaalamu wa uchumi wa Marekani, George Akerlof, katika makala aliyoichapisha mwaka 1970, ambayo baadaye ilimpatia fungu katika Tuzo ya Nobel ya mwaka 2001. Alionyesha kwamba maadamu mwuzaji anaujua ubovu wa gari na mnunuzi haujui, mnunuzi hukataa kulipa zaidi ya bei ya gari la wastani, na mwenye gari zuri, akiona bei hiyo haimfai, huliondoa sokoni, hata soko likajaa yaliyo duni. Katika yadi zetu nadharia hiyo imevaa koti la rangi mpya. Mwenye fedha kidogo za kulitengeneza gari kabla ya kuliuza hazipeleki kwenye gasketi, ambayo haionekani. Huzipeleka kwa fundi wa kunyoosha bodi, kwa fundi rangi, na kwenye kava za viti.

Tuchukue injini moja tu, ile ya dizeli ya lita 3 inayojulikana kwa jina la 1KD, iliyofungwa katika Hilux nyingi za baada ya mwaka 2005, tuitazame kwa karibu. Injini hii hutumia mkanda wa taimingi, na si mnyororo, na mkanda huo hutakiwa kubadilishwa kwa kilomita zilizopangwa na kiwanda, ambazo katika masoko mengi ni 150,000. Zikitimia, taa ya onyo huwaka mbele ya dereva. Taa hiyo huweza kuzimwa kwa kitufe, pasipo mtu kuugusa mkanda wenyewe, na kwa hiyo kutowaka kwake si dhamana ya lolote. Mkanda ukikatika gari likiwa katika mwendo, valvu hugongana na pistoni, na matengenezo ambayo yangalikuwa kazi ya nusu siku yakawa ni kufungua silinda hedi, pengine na kununua injini nyingine.

Tena kuna nozeli. Chini ya kila nozeli hukaa washa ndogo ya shaba, kitu ambacho mtu angeweza kukidondosha mchangani asikione tena, na kazi yake ni kuuzuia moto wa silinda usipenye kupanda juu. Katika injini hizi washa hizo huchoka; moto ukipenya, hukutana na oili na kuifanya masizi mazito, na masizi hayo huteremka mpaka kwenye chujio lililomo ndani ya sampu na kuliziba kidogo kidogo. Dereva haoni kitu. Gari huvuta, halitoi moshi wa kutisha, hata siku ambayo oili inakosa njia ya kupanda na bearingi za kranki zinasagana kavukavu. Washa 4, na ujira wa fundi wa kuzifunga, ni fedha ambazo mtu huweza kuzitoa mfukoni. Injini iliyokosa oili humtoa mtu katika biashara. Kwa hiyo fundi mwaminifu aliyeletewa pikapu ya injini hii siku ya kwanza, kabla ya kusifu lolote, humwomba mwenyewe ruhusa ya kuishusha sampu na kulitazama chujio, na mwenye gari anayeona kazi hiyo ni upotevu wa fedha hajafahamu alichonunua.

Nozeli za namna hii husukumwa dizeli kwa kanieneo inayozidi mara 1,000 ile ya hewa tunayovuta, na hazivumilii uchafu kama zilivyovumilia pampu za zamani. Wenye umri wa kukumbuka watakumbuka jinsi mafuta ya taa yalivyokuwa yakichanganywa na dizeli kwa tamaa ya tofauti ya kodi, hata EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ikaanzisha kuweka alama katika mafuta mwaka 2010, na Serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011. Hila hiyo imepungua sana, lakini maji na mchanga havilipi ushuru, na filta ya dizeli bado ni spea ya bei nafuu inayookoa spea ya bei ghali.

Kutoka kwenye injini hebu tushuke chini. Pikapu ya tani moja katika nchi yetu hubeba tani moja siku ya mapumziko. Mwenye gari akiona nyuma linakaa, huenda kwa fundi akaongezewa springi, bapa moja au mbili juu ya zile za kiwanda, na gari likainuka kwa fahari. Chuma kilichoongezwa hakikuiongezea nguvu chasisi, wala bearingi za nyuma, wala difu, wala breki. Kilichofanya ni kuondoa ile dalili iliyokuwa ikimwonya mwenyewe kwamba mzigo umezidi. Mnunuzi akikuta springi zilizoongezwa na aitazame chasisi mahali springi zinaposhikia, aipapase kwa kidole kutafuta ufa au alama ya kuchomelea, na palipo na kutu apagonge kwa bisibisi, maana rangi nyeusi iliyopakwa jana huifunika kutu pasipo kuiponya. Matairi nayo yana tarehe ubavuni: tarakimu 4, mbili za wiki na mbili za mwaka, hata 2316 ikawa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Ni ajabu jinsi watu wanaosoma mikataba ya nyumba neno kwa neno wasivyoinama kuzisoma.

Soko la spea lina tabaka zake. Kariakoo na Gerezani, kama ilivyo Barabara ya Kirinyaga kule Nairobi, kifaa kimoja huweza kuwa na bei 4: kile chenye jina la kiwanda cha gari, kile kilichotoka kwa waliokitengenezea kiwanda hicho, kama Denso kwa nozeli, Aisin kwa klachi au Kayaba kwa shokapu, ambacho ubora wake haupungui ingawa bei hupungua, kile cha bei ya chini kutoka China, ambacho kipo chema na kipo kibaya, na kile kilichokwisha kutumika, ambacho kingi hupitia Sharjah na Dubai, kwa kuwa magari ya Ghuba yana usukani wa kushoto, hayatufai mazima, lakini injini na giaboksi zake hazijui upande. Juu ya tabaka hizo kuna bidhaa ghushi, zinazovaa maboksi ya majina makubwa, na ambazo Tume ya Ushindani huzikamata mara kwa mara bila ya kuzimaliza. Tabaka la pili ndilo ninalolipendelea. Katika boljointi, breki na mkanda wa taimingi, unafuu wa bei ya chini haudumu mwezi. Katika taa na vioo vya pembeni, mtu anunue apendacho.

Hapa yafaa kuwataja mafundi kwa insafu. Katika nchi za Ulaya ujira wa fundi ni ghali na kifaa ni rahisi kwa kulinganisha, kwa hiyo kilichoharibika hutupwa kikafungwa kipya. Kwetu mambo yamegeuka, mkono ni rahisi na kifaa ni ghali, basi fundi hujitahidi kukifufua kila kinachofufuka, na ustadi wake katika jambo hilo ni rasilimali isiyoandikwa katika takwimu za pato la taifa. Lakini kwa kuwa ujira wake ni mdogo, hujilipa kwa njia ya spea, akiweka cha juu katika bei ya kila kitu alichotumwa kununua, na kwa hiyo faida yake hukua kadiri vitu vinavyobadilishwa vinavyozidi. Anayemlipa fundi ujira wa haki, kisha akaenda dukani mwenyewe, mara nyingi hutumia fedha chache kuliko yule aliyemshindania fundi hadi shilingi ya mwisho.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Pikapu inayokwenda kilomita 100 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, hukamilisha kilomita 30,000. Ikimwaga oili kila kilomita 5,000, kama ipasavyo katika vumbi letu, itahitaji huduma 6, na kwa injini inayochukua takriban lita 7, oili ya lita 42 na filta zake. Ikienda kilomita 10 kwa lita moja, itakunywa dizeli lita 3,000. Nozeli zikichoka na ulaji ukaongezeka kwa sehemu moja ya kumi, hizo ni lita 300 zilizopotea pasipo kubeba hata mfuko mmoja. Tangu mwaka 2017, ada ya mwaka ya leseni ya magari ilipofutwa na mzigo wake kuhamishiwa katika ushuru wa mafuta, injini mbovu hulipa kodi zaidi kuliko injini nzima, jambo ambalo sidhani kama wenye pikapu wengi wamelitia hesabuni. Na gari likilala gereji siku 20 katika mwaka, sehemu moja ya 15 ya mapato imekwenda, ilhali mshahara wa dereva na marejesho ya mkopo hayakulala, wala bima kubwa haimlipi mtu kwa uchakavu.

Kwa sababu hizo ningemshauri mnunuzi mwenye fedha za gari la milioni 30 anunue la milioni 25, na zile 5 asizihesabu kuwa akiba bali sehemu ya bei ambayo bado hajamaliza kulipa. Wengi hufanya kinyume: hukopa kidogo ili wapate la mwaka wa mbele zaidi, wakalipeleka kazini keshoye na oili ileile iliyokuja nalo melini.

Linabaki jambo moja ambalo soko halijalipatia dawa. Mwenye pikapu aliyeweka daftari la huduma, na risiti, na tarehe ya mkanda, akilipeleka gari lake sokoni hupewa bei ileile anayopewa jirani yake asiye na karatasi hata moja, kwa kuwa dalali huangalia mwaka, kilomita na rangi. Wenye magari wanalijua hilo fika. Na ndiyo maana mwezi mtu anapoamua moyoni kwamba ataiuza pikapu yake, bado yu barabarani akibeba mizigo, mkanda hauguswi tena, na oili inayonunuliwa ni ile ya bei ya chini kabisa dukani.