Koltani: Mionzi ipimwe kabla lori halijaanza safari

Gunia la koltani ni dogo kwa umbo, lakini uzito wake humshangaza anayelinyanyua kwa mara ya kwanza. Wanunuzi wengi huangalia mambo mawili tu: mizani na kiwango cha tantalamu. Jambo la tatu halionekani wala halina harufu, na mara nyingi hugundulika mzigo ukiwa tayari barabarani, pale kifaa cha kupimia mionzi kinapoanza kulia mpakani au bandarini.

Hapo hasara huanza. Lori husimama, gharama za maegesho huhesabiwa kila siku na mnunuzi wa ng'ambo hupoteza subira. Kwa mchimbaji, mpakiaji na familia inayolala jirani na magunia, suala ni zito zaidi, kwa sababu linagusa afya.

Koltani inayochimbwa Kivu, mashariki mwa Kongo, na ile ya Rwanda, hubeba ndani yake kiasi cha urani na thori. Hakuna aliyeyatia madini hayo. Yamo ndani ya jiwe tangu lilipoumbika. Kiasi chake hutofautiana kati ya shimo na shimo, hata kama mashimo yako kwenye kilima kimoja. Kwa hiyo dalali anayekusanya magunia kutoka kwa wachimbaji kumi hawezi kupima gunia moja akadai amepima mzigo mzima.

Kanuni za usafirishaji za Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) zimeweka mpaka. Madini asilia yakizidi bekereli 10 kwa gramu, yaani atomi 10 zinazovunjika kila sekunde katika kila gramu, husafirishwa kama mzigo wa mionzi, Daraja la 7. Mzigo huo unahitaji vifungashio, alama na hati zake. Koltani nyingi huvuka kiwango hicho. Si kwamba imepigwa marufuku, bali kampuni nyingi za meli hukataa kubeba Daraja la 7, na zinazokubali hudai nyaraka kamili.

Hatari iko kwenye vumbi na hewa

Gunia moja barabarani si sumu ya kumuua mtu. Hatari hujengeka polepole, kwa njia tatu. Kwanza ni mionzi inayopenya gunia na kumfikia anayekaa karibu kwa saa nyingi. Pili ni vumbi linalovutwa au kumezwa wakati wa kuponda na kuchekecha. Tatu ni radoni, gesi inayotokana na urani, ambayo hujikusanya kwenye mashimo yasiyopitisha hewa na maghala yaliyofungwa. Shirika la Afya Duniani huitaja radoni kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya saratani ya mapafu, na mvutaji sigara yuko hatarini zaidi.

Viwango vya kimataifa vinataka mfanyakazi asipokee zaidi ya wastani wa milisivati 20 kwa mwaka, na mwananchi wa kawaida asizidi milisivati 1. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa biashara inayoendeshwa nyumbani. Mtoto anayelala chumba chenye magunia si mfanyakazi. Hana kipimo, hana mafunzo, wala hakuchagua kazi hiyo.

Katanga nako kuna funzo. Mgodi wa Shinkolobwe, karibu na Likasi, ulitoa urani iliyotumika kutengeneza bomu la Hiroshima mwaka 1945. Miongo mingi baadaye, wachimbaji wadogo walirudi hapo, si kwa ajili ya urani, bali kobalti na shaba. Serikali ya Kongo iliufunga mwaka 2004, na Julai mwaka huohuo sehemu yake iliporomoka na kuua watu. Walichotafuta kilikuwa kobalti, lakini jiwe walilobeba mgongoni lilikuwa na vyote viwili.

Kinga isiyo na gharama kubwa

Wataalamu wa kinga ya mionzi hutegemea mambo matatu: muda, umbali na kizuizi. Anayepakia amalize haraka na asipumzike juu ya magunia. Ghala liwe mbali na vyumba vya kulala, lenye madirisha yanayopitisha hewa. Madini yanyunyiziwe maji kabla ya kupondwa ili vumbi litulie, na wafanyakazi wavae barakoa. Wasile wala kuvuta sigara kazini, wanawe mikono, na nguo za shimoni zisiingie chumbani.

Kuhusu mzigo, mahali pa kuanzia ni mamlaka ya nchi husika: Tume ya Nguvu za Atomiki (TAEC) kwa Tanzania, KNRA kwa Kenya, Baraza la Nguvu za Atomiki kwa Uganda na RURA kwa Rwanda. Mfanyabiashara aulize mapema vipimo na vibali vinavyotakiwa katika kila nchi ambayo mzigo utapita, kwani hati ya upande mmoja huenda isitoshe upande wa pili. Dereva naye aambiwe anachobeba.

Kipimo kikifanyika ghalani, mwenye mzigo bado ana nafasi ya kutenganisha magunia, kutafuta msafirishaji mwenye kibali au kupanga bei upya na mnunuzi. Kikifanyika mpakani, nafasi hizo zote zimeshapita, na wapakiaji wameshakaa na mzigo huo kwa wiki kadhaa bila kujua.